Karatasi inasema niliacha kazi mwenyewe

Shikamoo Mama Mshauri,

Nakuandikia usiku, watoto wakiwa wamelala, maana mchana sipati hata nafasi ya kulia.

Nina miaka 38, mama wa watoto wanne, naishi karibu na Fort Worth, Texas. Nilizaliwa Fizi, Kongo, nikakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, Tanzania, na huu ni mwaka wangu wa sita Marekani. Nina grinikadi, kile kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja, na mwaka huu nilikuwa najiandaa kuomba uraia.

Kwa miaka mitatu na miezi miwili nimefanya kazi kwenye ghala moja, kupanga na kufunga mizigo, dola 17 kwa saa. Sijagombana na mtu pale. Lakini kuna mambo ya pointi: ukichelewa unapigwa nusu pointi, ukikosa siku unapigwa pointi nzima, zikifika sita unaitwa ofisini. Mtoto wangu wa tatu ana pumu. Tangu Februari hadi Mei nilichelewa mara sita na kukosa siku tatu kwa ajili yake. Kila mara nilipiga simu kabla zamu haijaanza.

Wiki ya pili ya Mei nikaitwa. Alikuwepo msimamizi na dada wa ofisi ya wafanyakazi. Wakasema kuna njia mbili. Ya kwanza, nitie sahihi karatasi kwamba naacha kazi kwa hiari, nilipwe wiki mbili, na wasiniharibie jina nikiomba kazi kwingine. Ya pili, nifukuzwe siku hiyohiyo, bila kitu. Kiingereza changu ni cha kazini, cha leta hiki peleka kile, na karatasi ilikuwa na kurasa mbili. Nikatia sahihi. Mkono ulikuwa unatetemeka hata jina langu mwenyewe likatoka limepinda.

Sasa ni mwanzo wa Juni. Zile dola 1,360 walizonipa zimeishia kwenye kodi ya nyumba. Mume wangu anafanya usiku kiwanda cha mikate, na tangu Machi saa zake zimepunguzwa. Jirani akaniambia kuna bima ya aliyepoteza kazi, niombe. Nilipolileta neno hilo nyumbani, nyumba ikagawanyika.

Mume wangu hataki kabisa. Anasema hizo ni pesa za maskini, serikali itaandika jina langu na uraia nitanyimwa. Akaongeza kitu kilichoniumiza: "Tumekula vya bure miaka ishirini kambini, inatosha." Shemeji yangu, ambaye ni mzee wa kanisa, anasema karatasi ina sahihi yangu na imesema nimeacha, nikienda kusema nimefukuzwa ninasema uongo, tena ninamshtaki mtu aliyenilisha miaka mitatu. Rafiki yangu naye ananiambia niombe haraka, halafu niende naye kusafisha ofisi usiku, dola 160 kwa wiki mkononi, na nisimwambie mtu. Anasema kila mtu anafanya hivyo.

Mama, mimi sitaki kuiba. Lakini sitaki pia watoto wangu walipie woga wangu. Hizo pesa ni haki yangu au ni sadaka? Na nikiulizwa kazi iliishaje, niseme nini na ile karatasi ipo?

Mama wa Wanne

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kazi, na pole zaidi kwa hizi wiki ambazo umekuwa ukibeba maneno ya watu watatu kichwani huku ukipika, ukifua na kumsikiliza mtoto anavyopumua usiku.

Nikikusoma vizuri, una maswali matatu yaliyofungwa kwenye kitambaa kimoja. Pesa hizi ni za nani? Ukweli wa namna ulivyotoka kazini ni upi, ule wa karatasi au ule wa chumba kile? Na ile kazi ya usiku ya rafiki yako inaingiaje? Kila aliyekushauri ameshika swali lake moja akadhani ni yote matatu. Tuyafungue moja moja.

Nianze na mume wako, kwa sababu neno lake ndilo zito. Mtu aliyepanga foleni na kadi ya chakula miaka ishirini ana haki ya kuchoka na vya bure, na sitamlaumu hata kidogo. Ila nauliza kwa upole: je, amechukulia kwamba kila pesa inayotoka ofisi ya serikali ni ndugu ya ule mgao wa kambini? Bima hii si hivyo. Sheria yake ni ya mwaka 1935, wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi, mamilioni ya Wamarekani walipokuwa hawana kazi. Tangu wakati huo mwajiri anatozwa kodi kwa ajili ya kila mfanyakazi wake. Hapo Texas kodi hiyo ya jimbo inahesabiwa juu ya dola 9,000 za kwanza za mshahara wa kila mfanyakazi kwa mwaka. Wewe hukuiona kwenye karatasi yako ya mshahara kwa sababu Texas haimkati mfanyakazi hata senti. Anayelipa ni mwajiri. Lakini ililipwa kwa sababu ulikuwa kazini, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana hawatakuuliza kama wewe ni maskini wala mume wako anapata kiasi gani. Wanauliza mambo matatu tu: ulipata mshahara wa kutosha huko nyuma? Kazi iliishaje? Na sasa uko tayari kufanya kazi nyingine?

Kuhusu uraia, hofu yake inatoka kwenye ile kanuni ya uhamiaji ya kumnyima grinikadi mtu anayeonekana atakuwa mzigo kwa serikali. Bima hii haiingii humo, kwa kuwa inahesabiwa kuwa imetokana na kazi. Tena aliyeingia kama mkimbizi amesamehewa kipimo hicho kisheria anapochukua grinikadi, na ombi la uraia lenyewe halina kipimo hicho. Kinachoweza kuharibu uraia ni udanganyifu, na hapo nitarudi nikifika kwa rafiki yako.

Sasa karatasi. Hapa ndipo penye uzito wote wa jambo lako, kwa hiyo nivumilie.

Ofisi inayoamua inaitwa Texas Workforce Commission, watu wanaiita TWC. Sheria yao inatofautisha aliyeacha na aliyefukuzwa, na tofauti hiyo inabadilisha nani anabeba mzigo wa kuthibitisha. Ukiacha mwenyewe, wewe ndiye unayetakiwa kuonyesha kwamba ulikuwa na sababu nzito inayohusu kazi. Ukifukuzwa, mwajiri ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba ulifanya kosa la makusudi au la uzembe. Kushindwa tu kufikia kiwango, au kupatwa na dharura, si kitu kimoja na kosa hilo. Aliyeacha bila sababu inayokubalika anafungiwa mpaka afanye kazi tena wiki sita, au apate mshahara unaofika mara sita ya malipo yake ya wiki.

Na mtu aliyeambiwa "tia sahihi uache, la sivyo tunakufukuza sasa hivi" je? TWC haiishii kwenye kichwa cha karatasi. Inauliza ni nani aliyeanzisha kuondoka huko, na kama mfanyakazi kweli alikuwa na nafasi ya kubaki. Mfanyakazi asipokuwa na njia ya kubaki, kwa kawaida jambo hilo linatazamwa kama kufukuzwa, hata kama kuna sahihi. Shemeji yako anasema ukisema tofauti na karatasi ni uongo. Ninaheshimu dhamira yake. Lakini je, ni uongo kueleza mambo yalivyokwenda? Hulazimiki kuchagua kati ya "niliacha" na "nilifukuzwa" kana kwamba hakuna sentensi ya tatu. Sentensi ya tatu ni yale uliyoniandikia mimi: niliitwa, niliambiwa nichague kutia sahihi au kufukuzwa siku hiyohiyo, nikatia sahihi. Hapo karatasi umeitaja, na chumba umekitaja.

Ila ujiulize kwa ukweli, peke yako: maneno yao yalikuwa yapi hasa? Kama walisema "utafukuzwa leo", hilo ni moja. Kama walisema "ukiendelea hivi unaweza kufukuzwa", hilo ni jingine kabisa, maana bado ulikuwa na nafasi ya kurudi kazini kesho yake, na TWC inaweza kuona kwamba uliondoka mapema. Kaa chini uandike, kwa Kiswahili chako, kila unachokumbuka: tarehe, saa, nani alikuwepo, nani alisema nini. Kumbukumbu ya wiki tatu bado ni mbichi; ya miezi mitatu itakuwa imechanganyika na maneno ya jirani.

Kuna kitu kingine kuhusu karatasi hiyo. Hata kama ndani yake kuna mstari unaosema hutadai bima, mstari huo hauna nguvu. Sheria ya Texas haimruhusu mfanyakazi kuuza au kusamehe haki hiyo kwa sahihi. Na usishangae kwamba walipendelea uache mwenyewe. Madai yanayolipwa kwa wafanyakazi wake yanaweza kumpandishia mwajiri kiwango cha ile kodi. Sisemi walikuwa na nia mbaya kwako. Nasema tu kwamba karatasi ile iliandikwa na upande wenye maslahi, na hukupata mtu wa kukusomea. Na hili ndilo ninalotaka shemeji yako alisikie: kuomba bima si kumpeleka mtu mahakamani. TWC inamwandikia mwajiri, inampa siku 14 kujibu, inasikiliza pande mbili, kisha inaandika uamuzi.

Kuhusu pointi. Mwajiri akikubali kwamba alikutoa, atasema ni kwa sababu ya pointi sita. Hapo kinachotazamwa ni sababu ya kila siku moja, hasa ya tukio la mwisho lililokufikisha sita: ulijua kanuni? Uliwahi kuonywa? Ulitoa taarifa kabla? Ungeweza kuzuia? Kuchelewa kwa sababu mtoto alikuwa amebanwa na pumu, tena umepiga simu, hakusomwi sawa na kulala ukapitiliza. Lakini lazima kuonekane. Karatasi za kliniki zenye tarehe, orodha ya simu ulizopiga kutoka kwenye simu yako, ujumbe uliomtumia msimamizi: pangilia tarehe na tarehe. Siku usiyo na ushahidi wake, sema huna. Usiijaze.

Sasa pesa yenyewe, maana woga mwingine unatokana na kutojua ni kiasi gani tunagombania.

TWC hawaangalii mshahara wako wa mwisho. Wanachukua robo tano za mwaka, yaani miezi mitatu mitatu, zilizokwisha kamilika, wanaiacha ya karibuni, wanabaki na nne. Ukiomba mwezi huu wa Juni, nne hizo ni Januari hadi Desemba mwaka jana. Wanatafuta robo uliyopata zaidi na kuigawa kwa 25. Tuseme ile ya Oktoba hadi Desemba, yenye saa za ziada za sikukuu, ulipata dola 10,000: gawa kwa 25, ni dola 400 kwa wiki. Kisha wanatafuta kikomo cha madai yako yote, na hapo wanachukua kilicho kidogo kati ya viwili: 400 mara wiki 26, yaani 10,400, au asilimia 27 ya mshahara wote wa zile robo nne. Kama mwaka jana wote ulipata 36,000, asilimia 27 ni 9,720. Kwa hiyo kikomo chako ni 9,720, ambayo ni wiki 24 na kitu kidogo. Watu wengi wanasikia "wiki 26" mitaani wanapanga bajeti, halafu pesa inakatika mapema wasijue kwa nini. Sababu ni hiyo. Chukua W-2 yako, ile fomu ya mshahara wa mwaka mzima, na karatasi za mshahara ufanye hesabu kwa namba zako halisi, kwani hizi zangu ni za mfano.

Muda nao unasema. Madai yanaanza Jumapili ya wiki uliyoomba. Hayarudi nyuma kufuata siku uliyoacha kazi. Wiki usizoomba zimekwenda. Zile wiki mbili ulizolipwa pengine zisingelipwa hata ungeomba, kwa sababu malipo ya badala ya notisi, au ya kumalizana kazi, huchelewesha mwanzo. Inategemea karatasi imeyaitaje: kama ni malipo ya wewe kusamehe madai yoyote dhidi yao, yanahesabiwa vingine. Ndiyo sababu nakusihi utafute mtu aisome karatasi hiyo neno kwa neno, iwe umeamua kuomba au hujaamua. Juu ya hayo, wiki ya kwanza ya madai ni ya kungoja, hailipwi mwanzoni. Na mpaka uamuzi utoke, kadiria wiki kama nne. Kwa hiyo hata ukiomba kesho, kodi ya nyumba ya mwezi huu haitatoka huko. Zungumza na mwenye nyumba mapema.

Upande wa rafiki yako. Najua anakupenda, na anataka uone pesa wiki hii hii. Lakini tazama hesabu, maana naona hata yeye hajaifanya. Texas inakuruhusu kupata robo ya malipo yako ya wiki bila kupunguziwa chochote. Kwa mfano wetu, robo ya 400 ni 100. Ukisafisha ofisi ukapata 160, ukaripoti, wanakata 60 tu: unapokea 340 kutoka TWC na 160 mkononi, jumla 500. Na zile 60 hazipotei. Zinabaki kwenye ule mfuko wako wa 9,720 na kuusogeza mbele. Ukificha, unapata 560. Yaani siri yote hiyo, na usingizi wote huo, ni kwa ajili ya dola 60 kwa wiki, ambazo bado zingekungoja.

Upande wa pili wa mizani ni huu: aliyegunduliwa kuficha anarudisha alicholipwa isivyo haki pamoja na adhabu ya asilimia 15, anapoteza kilichobaki kwenye madai, na anaweza kushtakiwa kwa jinai. Kwa mtu anayesubiri kuapishwa uraia, rekodi ya udanganyifu ni jambo la kuogopa kweli. Na usidhani pesa ya mkononi haina macho: mwenye ofisi akija kuweka hesabu zake sawa, jina lako litaonekana. Ukiamua kuifanya kazi hiyo, kanuni ni kuripoti saa na pesa za wiki uliyofanya kazi, Jumapili hadi Jumamosi, hata kama utalipwa wiki ijayo, na kiasi kamili kabla ya makato.

Kuomba kwenyewe kuna kazi zake, na wengi wanaangukia hapo hata wakiwa na haki. Utahitaji namba ya Soshal Sekyuriti (Social Security), namba ya grinikadi, jina kamili la kampuni, anwani na simu yake, siku ya kwanza na ya mwisho ya kazi. Ndani ya siku tatu za kazi unatakiwa ujiandikishe kwenye tovuti ya kazi ya jimbo, WorkInTexas. Kila wiki mbili, siku waliyokupangia, unaomba malipo, na usipoomba hayaji yenyewe. Kila wiki unatafuta kazi mara kadhaa. Idadi inapangwa kwa kaunti, mara nyingi ni tatu, na barua itakuambia yako. Andika tarehe, kampuni, kazi na namna ulivyoomba kwenye daftari, maana wanaweza kulidai. Lazima uwe na afya ya kufanya kazi na uwe tayari kuanza. Hili kwako si dogo: watakuuliza nani anakaa na watoto, na mama anayejibu "sina mtu" anajifungia mlango kwa mkono wake. Kama mume wako yupo nyumbani mchana, hilo ni jibu, liseme. Na wiki ambayo mtu amesafiri, tuseme kwenda msibani Bukavu, hahesabiki kuwa tayari kwa kazi.

Malipo hayo pia ni mapato yanayotozwa kodi. Unaweza kuwaambia wakate asilimia 10 ya kodi ya shirikisho papo hapo, na Januari utapata fomu ya 1099-G inayoonyesha ulicholipwa. Kama mnapokea msaada wa chakula wa SNAP, waarifuni, kwa kuwa yanahesabiwa.

Basi njia zako, kama ninavyoziona.

Unaweza kuomba na kueleza yote, karatasi ikiwemo. Hatari yake ni kukataliwa mara ya kwanza, jambo linalowatokea wengi. Uamuzi unakuja kwa barua, na una siku 14 za kalenda kukata rufaa, zikihesabiwa tangu tarehe barua ilipotumwa. Siku ilipofika kwenye sanduku lako haihesabiki, kwa hiyo fungua sanduku kila siku na usikose kuwapa anwani mpya ukihama. Rufaa inasikilizwa kwa simu, na mkalimani wa Kiswahili ni bure, ila uombe kabla. Usimtumie mtoto wako kukutafsiria; si mzigo wake, na neno moja likitafsiriwa vibaya linabadilisha "waliniambia" kuwa "nilitaka". Wakati wa kungoja rufaa endelea kuomba malipo kila wiki mbili, kwani ukishinda unalipwa zile ulizoziomba tu. Hatari nyingine: ukishinda mwanzoni, mwajiri naye anaweza kukata rufaa, na akishinda unaweza kudaiwa ulichokwisha kula. Wengine huweka kando sehemu ya malipo mpaka muda wa rufaa upite.

Unaweza pia kutoomba, utafute kazi moja kwa moja, amani ya nyumba ibaki. Hiyo ni njia halali na sitaidharau. Gharama yake ni kwamba kila Jumapili inayopita inaondoka na wiki moja, na kama kazi haipatikani hadi Agosti, ugomvi mnaoukwepa leo huenda ukarudi umevaa sura ya kodi ya nyumba. Ukipitia wakala wa vibarua, kuwa mwangalifu: kazi fupi ikiisha, mpigie wakala mara moja kuomba nyingine. Akiwa amekujulisha kanuni hiyo nawe ukanyamaza, Texas inaweza kukuhesabu kuwa umeacha kazi, nawe utakuwa umerudi kwenye neno lilelile unalolihangaikia sasa.

Na ipo njia ya katikati, ya kumwonyesha mume wako hesabu kabla ya kuamua lolote. Weka mezani karatasi za mshahara, W-2, na maelezo ya hapo juu kwamba mwajiri ndiye anayelipa kodi hii kwa ajili yako. Mwache aulize. Nadhani alipotaja kambi hakuwa anakusuta wewe. Alikuwa anaiogopa foleni ile. Mwambie pia lililokuuma, maana kwenye barua yako uliliandika kwa mstari mmoja ukalipita haraka. Shemeji naye anaweza kuisoma ile simulizi yako kabla haijakwenda popote, akuambie kama kuna neno lisilo la kweli ndani yake. Huenda dhamira yake ikawa msaada mkubwa kwako.

Sitakuamulia, mwanangu. Unayeishi ndani ya nyumba hiyo ni wewe, na uliyekuwa kwenye chumba kile ni wewe.

Ukiomba, na barua ya TWC ikaja na sentensi usiyoielewa, iandike neno kwa neno ututumie, bila jina lako na bila namba zako. Itume siku ileile, usingoje wikendi, na juu kabisa uandike tarehe iliyopigwa kwenye barua, nijue zimebaki siku ngapi.

Mama Mshauri